Kisa cha Mzee Sisi Nono

Naandika haraka kwa sababu tangu jana usiku jamaa wa Tanga ameshatupia video kwenye magrupu matatu, na maelezo yake yana chumvi ya kukaushia papa. Kwanza, sikuzimia. Nilikaa chini ghafla. Pili, sijala mchango wa mtu. Huko tutafika.

Mnajua nina wiki tano nawasumbua na Mzee Sisi Nono. Nyie mliokuwa mnaniwekea alama za moto kila nikipandisha sehemu mpya, mpo? Leo mbona kimya?

Kwa asiyejua: nilikuta kasha la santuri kuukuu likiuzwa kando ya barabara hapa Bronx, New York, nikaokota moja, ile ndogo, dola tatu. Lebo yake ilikuwa imekwanguliwa na kitu chenye ncha, hakuna jina la wimbo wala la mwimbaji. Zamani wale wanaopiga santuri kwenye madansi walikuwa na roho hiyo, akipata kitu kikali anafuta jina ili mwenzake asijue akitafute wapi. Mimi nikasema hapa pana siri.

Nyumbani nikakuta tundu lake la katikati linapitisha vidole viwili, na gramafoni yangu ya mkoba ina kijiti chembamba. Nikachukua kizibo cha soda, nikakitoboa kwa msumari, nikakipachika hapo katikati. Santuri ikazunguka inayumba kama dau lililopakiwa upande mmoja. Nikatua sindano.

Jamani, ile sauti. Mwanamume mtu mzima, mzito, amechoka na dunia, anaimba kama yuko ndani ya pipa la lami. Tarumbeta nyuma yake zinavuta kama honi za meli zinazoaga gati. Halafu kiitikio: "Siiii siiii... noooo noooo..."

Nilisimama jikoni na mwiko mkononi. Sisi nono. Mswahili huyu!

Ndiyo, najua kwamba kwa Kihispania *sí* ni ndiyo. Nimenunua mikate kwa Wadominikani miaka sita, nawezaje kutojua? Lakini mtu akishataka kuamini, haambiliki. Usiku ule ule nikaandika nadharia yangu, sehemu ya kwanza. Kwamba tangu miaka ya 1930 santuri za GV, zile za muziki wa Kilatini zilizouzwa Afrika, zilituletea Kuba mpaka uswahilini kwetu. Kwamba mimi ni mtoto wa Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba Band yake. Sasa kama Kuba ilifika Morogoro, Mswahili angeshindwaje kufika Havana? Sehemu ya pili nikampa kazi: baharia. Ya tatu nikampa kwao: Lamu, kwa jinsi anavyovuta irabu. Kuhusu "nono" nikaeleza kwamba ni kejeli ya mtu mwenye njaa ugenini. Mkalia. Mama mmoja wa Muscat akaandika kwamba sauti ile inamkumbusha babu yake. Tukaanzisha mchango wa kutafuta kaburi lake, zikafika dola 85.

Basi kazini nina mwenzangu, Mkolombia wa Cali, akanialika Jumamosi kwa wazee wake. Ni watu kumi na kitu wa Puerto Rico na Kuba, wanakutana chini ya jengo moja, kila mtu na santuri ya msanii ambaye dunia imemsahau. Hao ukiwaambia "salsa" wanakutazama kwanza. Watakwambia hii ni guaracha, ile ni son, ile mambo, na hilo neno lenu la salsa lilikuja kushika baadaye, miaka ya 70, kwenye kuuza. Mmoja aliweka Arsenio Rodríguez, kipofu wa Kuba mpiga tres, yaani gitaa lao la huko, aliyeongeza piano, tumba na tarumbeta kwenye son mpaka ikawa muziki mwingine, akaishi New York hii hii, akafa Los Angeles 1970 bila kelele. Mwingine akaja na santuri ya Orlando Marín, mtoto wa Bronx ambaye nje ya Bronx ni wachache wanaomjua. Wanasikiliza wamefumba macho, hakuna simu. Na chakula, wallahi, wali wa mbaazi! Wao wanauita wao, lakini ukifumba macho uko Pongwe.

Mimi nilikwenda na kanzu. Nyeupe, imepigwa pasi, na kofia ya kiua. Si nilikuwa naenda kumrudisha marehemu wetu kwa watu? Jamaa wa Tanga nilimchukua mwenyewe, kwa mdomo wangu nikamwambia, "Njoo urekodi, historia hii."

Zamu yangu ikafika. Nikasimama. Mkolombia akatafsiri. Nikaeleza pepo za kaskazi na kusi, nikaeleza Lamu, GV, Morogoro. Nikamaliza kwa kuwaomba wasimame dakika moja ya kimya kwa ajili ya baharia asiye na jina. Wazee wenye magoti mabovu, jamani. Wakasimama. Kuna mmoja alishikilia meza ya domino.

Gramafoni yao ilikuwa kubwa, ya heshima. Nikatoa kizibo changu cha soda mfukoni. Bibi mwenyeji, mwenye miaka yake themanini na ushee, alikitazama kile kizibo kama mtu aliyeona nzi kwenye mchuzi. Hakusema kitu. Nikapachika, nikasukuma swichi pale ninapoisukumaga kwangu, nikatua sindano.

Honi za meli zikaanza.

Nikafumba macho. Mzee wangu akaingia na uzito wake wote. "Siiii siiii..." Machozi yakanitoka, sitaki kudanganya. Nikafumbua jicho moja nione wenzangu wanavyoguswa. Mzee wa domino ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, analia. Mama mmoja ameziba mdomo kwa leso. Analia. Mkolombia amegeukia ukutani kabisa. Nikainua mkono wangu wa kulia taratibu, kama mtu anayeongoza kasida. Huo mkono ndio uliotengenezewa stika, nimeshaiona, asanteni.

Bibi mwenyeji akainuka. Akashika mkongojo wake. Kutoka kitini kwake mpaka kwenye gramafoni ni hatua sita, mimi nimezihesabu, kwa sababu nilidhani anakuja kunikumbatia. Nikapanua mikono. Kanzu ikafunguka kama tanga. Bibi akanipita. Akainama, akanyoosha kidole kimoja, kile cha shahada, akaisukuma swichi kidogo tu.

Tak.

Mzee wangu akabalehe kinyumenyume. Mbele ya watu. Sauti ilipanda kutoka kwenye pipa la lami, ikapita ubarobaro, ikapita kila kitu, ikatua kwa mwanamke. Mwanamke mwenye nafsi yake! Honi za meli zikawa tarumbeta za kukimbizana, ngoma zikaamka, na yule bibi kwenye santuri akaanza kuhema, anamwambia bwana wake ndiyo ndiyo, hapana hapana, kwa namna ambayo sitaieleza hapa maana kaka zangu wa madrasa wananisoma. Ni mafumbo, tena ya ndani. Taarab ya mipasho ikaage pembeni. Na mimi katikati ya chumba, kanzu, kofia, mikono bado imepanuliwa.

Wale waliokuwa "wanalia" wakaachia. Mzee wa domino alipiga meza mpaka kete zikaruka. Chumba kizima kikaimba kiitikio, magoti mabovu yote yakacheza.

Bibi akanishika kidevu. Mkolombia akatafsiri kwa shida, "Mwanangu, huyo ni Graciela."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikauliza, "Graciela ni jina la meli?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Ghafla.

Kumbe santuri ndogo zile huzunguka mara 45 kwa dakika, na mimi nilikuwa naikokota kwa 33 za santuri kubwa. Wimbo wa dakika mbili na nusu nimeuvuta mpaka tatu na ushee, nikauvalisha msiba. Na Graciela si baharia wala nini. Ni mtoto wa Havana, alikuwa akiimba na Anacaona, bendi ya wanawake watupu, halafu mwaka 1943 Machito, mwimbaji mwenye bendi yake New York, alipochukuliwa jeshini Marekani ndipo akaitwa New York kushika nafasi yake. Machito ni kaka yake wa kulelewa pamoja. Alipotoka jeshini dada hakurudi kwao, akabaki mbele ya bendi ile miaka na miaka, kwa sifa ya nyimbo za utundu hizo hizo. Akafariki 2010, New York, na miaka 94. Bibi mwenyeji alimuona jukwaani kwa macho yake. Alimjua kwenye mlio wa kwanza tu, akaniacha niendelee kwa sababu, nanukuu tafsiri, alitaka kuona mkono wangu utafika wapi.

Mkolombia ndiye pekee aliyejaribu kunifariji. Eti kwao Cali miaka ya 60 walikuwa wakiziweka santuri za 33 kwenye 45 makusudi, miguu ipate mbio. Nikamwambia asante, lakini wao walikosea kwa kuchangamka.

Mengine ni mafupi. Nilikula wali wa mbaazi sahani mbili kwa uso mkavu. Jamaa wa Tanga hakula, mikono ilikuwa kwenye simu. Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti wa mama kutoka Morogoro, sekunde nne, kicheko kitupu. Kinyozi wangu ananiita Nono. Yule mama wa Muscat nimemuomba radhi kwa niaba ya babu yake.

Bibi amenipa kile kiplastiki cha tundu kubwa, kizibo changu amekitupa mbele yangu. Amesema mwezi ujao nirudi, na nisithubutu kuja bila lile gauni langu jeupe.

Waliochanga, nitumieni namba zenu leo. Dola zipo zote 85. Jamaa wa Tanga, wewe hukuchanga hata senti, kaa pembeni.