Soka ni chama

Jirani yangu ni shabiki wa Arsenal wa kufa na kuzikana. Akisikia mtangazaji wa Marekani akitamka "soccer" husonya: "Hawa mpira wenyewe hawaujui, halafu wameupachika jina lao!" Juzi nikamuuliza, na wewe unaposema soka la Bongo limekua, hilo soka umelitoa wapi? Akaagiza kahawa nyingine.

Neno ni la Waingereza, tena wale wa vyuo vya wenye nacho. Katikati ya karne ya 19 karibu kila shule kubwa kule ilikuwa na mpira wake: hapa ruksa kuudaka na kukimbia nao, kule marufuku. Oktoba 1863 klabu kadhaa zikakutana kwenye baa ya Freemasons' Tavern, London, zikaunda chama, Football Association. Katibu wake, Ebenezer Morley, akaandika rasimu ya sheria. Mzozo mkubwa ukazuka juu ya mateke, siyo ya mpira bali ya ugoko wa mwenzako. Wale wa klabu ya Blackheath walitaka yaruhusiwe, waliona kuyakataza ni kuudekeza mchezo. Waliposhindwa wakajitoa, na mwaka 1871 wakawa miongoni mwa waliounda chama cha raga.

Ndipo ikabidi kutofautisha. Wote walidai wanacheza "football", basi kukawa na ile ya raga na ile ya chama, yaani "association football". Jina refu hivyo nani atalibeba? Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mchezo wa kukata maneno na kuyawekea mkia wa "-er". Raga ikawa "rugger", kifungua kinywa, "breakfast", kikawa "brekker". Ni kama vijana wa Nairobi walivyoikata chapati ikawa chapo. Kwenye "association" wakachomoa kipande cha "soc", wakakitia mkia, na miaka ya 1880 neno likaanza kuandikwa, mara "socker", mara "socca". Husimuliwa kwamba aliyelibuni ni mchezaji mmoja, Charles Wreford-Brown. Mimi siamini. Maneno ya mtaani hayana baba mmoja.

Kwa hiyo soka ni "chama" iliyokatwa vipande. Na mwanasoka, ukimchimba hadi mzizi, ni mwanachama! Napenda sana hili, hasa nikikumbuka mikutano ya wanachama wa klabu zetu na kelele zake.

Wamarekani walilishikilia kwa sababu ya msingi: "football" kwao tayari ilikuwa ule mchezo wao wa kofia ngumu. Hata hivyo hawakuwa na haraka. Shirikisho lao la mwaka 1913 halikuwa na "soccer" kwenye jina, likaliongeza 1945, na "football" ikaondolewa 1974. Mwaka uliofuata Pelé akatua New York Cosmos, na dunia ikaanza kulisikia neno hilo kwa lafudhi ya Marekani. Waingereza, waliokuwa wakilitumia bila shida (jarida la World Soccer linachapishwa kwao tangu 1960), wakaanza kuliona limenuka Umarekani. Wakalitupa, kisha wakawacheka waliolibakiza. Huo kwangu ni utovu wa shukrani. Waaustralia nao waliliondoa kwenye jina la shirikisho lao mwaka 2005, ila timu ya taifa inaitwa Socceroos mpaka leo.

Sisi tulilichukua, tukalipa irabu ya mwisho, tukaliingiza kwenye ngeli yake: soka letu, soka la ufukweni, soka la wanawake. Limeshakuwa mwenyeji, halihitaji kibali cha London wala cha New York.

Nilimweleza jirani haya yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema basi kuanzia leo yeye atasema kabumbu.