Filamu za Hali Halisi na Mafuvu Yaliyobaki Berlin

Dhuluma za kikoloni zikiitwa "zilizosahaulika", kwanza iulizwe zimesahauliwa na nani. Songea hawajasahau: kila Februari 27 watu hukusanyika kuwakumbuka wazee wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Old Moshi nako, ukoo wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga aliyenyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900, umekuwa ukilitafuta kwa miaka mingi fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Waliosahau wako Ujerumani, na wengi wao, kusema kweli, hata hawakufundishwa.

Kwa hao filamu ya hali halisi ina kazi kubwa. Makadirio ya waliokufa katika Maji Maji yanafika 300,000, wengi wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, lakini tarakimu hiyo husomwa na kupitwa. Kamera ikitulia usoni mwa mjukuu anayesubiri majibu ya barua aliyoiandikia makumbusho, ofisa husika hapati tena pa kujificha nyuma ya namba ya usajili.

Hata hivyo, machozi si ushahidi. Wakenya zaidi ya 5,200 walioteswa wakati wa Mau Mau, ambao Uingereza ilikubali mwaka 2013 kuwalipa katika makubaliano ya pauni milioni 19.9, walifikia hapo kwa kufungua kesi, iliyoibua majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, hifadhi ya serikali ya Uingereza. Vivyo hivyo, mwaka 2023 ni vipimo vya vinasaba vilivyounganisha mafuvu matatu yaliyohifadhiwa Berlin na jamaa zao walio hai Tanzania. La Meli halikupatikana.

Kinachonitia shaka zaidi ni mwisho wa hadithi. Fedha za filamu za namna hii mara nyingi hutoka katika nchi ileile iliyotenda dhuluma, na kamera hupenda msamaha. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliuomba Songea Novemba 2023, tukio zito lisilopaswa kubezwa, ila msamaha huo haukuja na ahadi ya fidia, na mtazamaji wa Ulaya anaweza kutoka ukumbini akidhani shauri limekwisha.

Kwa hiyo naipa uzito filamu inayofuatilia daftari la makumbusho ukurasa kwa ukurasa: nani alilileta fuvu, lilipokewa lini, leo nani ana mamlaka ya kulitoa. Hiyo ioneshwe Songea kwa Kiswahili kabla ya Berlin, ili ukoo uwe na kitu cha kumpelekea wakili.