Si kila mafuta mazito yanataka mvuke

Eti mafuta mazito hayatoki ardhini mpaka yapashwe moto kwa mvuke! Kwa Mukhaizna, eneo la visima vya mafuta kule Oman, sawa, mafuta ya pale yakiwa baridi husogea kwa shida. Lakini hukohuko Oman, kwenye visima vya Marmul wanatumia unga wa polima kwa kiwango kikubwa tangu 2010, maana mnato wa mafuta yao, yaani ugumu wa kutiririka, ni kama sentipoizi 90 tu. Ukisukuma maji matupu ardhini ili yayatoe mafuta, yanachepuka, yanawahi kisimani na kuyaacha mafuta nyuma. Polima huyafanya maji yawe mazito, yasukume kwa pamoja. Nimewahi kuchanganya unga ule: ukimwagika penye unyevu, sakafu inateleza kama mlenda. Ila chumvi na joto kali huuharibu, ndiyo maana maji hupimwa kwanza. Mvuke nao unakula gesi kweli kweli, ya kuchemshia maji. Mlioko Amal, visima vingine vya Oman wanakochemsha maji kwa jua, mnaona gesi inaokolewa?