Miezi ya kujichagulia kabla ya udaktari wa familia

Mwanafunzi wa udaktari nchini Marekani akifika mwaka wa nne hupata kitu ambacho hakuwa nacho tangu aanze chuo: miezi ya kujichagulia. Mwaka wa tatu alipangiwa kila wodi. Sasa yule aliyeamua kuwa daktari wa familia huulizwa anataka kwenda wapi, na wanaomshauri hawapatani.

Wapo wanaomwambia akimbilie wodini. Mwezi mmoja afanye kazi za daktari tarajali chini ya uangalizi, mwingine awe kwa wagonjwa mahututi, mwingine kwenye dharura. Hoja yao si ndogo. Mafunzo ya ubingwa huanza karibu na Julai mosi baada ya kuhitimu, na usiku wa zamu atakayeitwa kumwona mgonjwa aliyekosa pumzi ni yeye. Tena maombi ya nafasi katika mafunzo hayo hutumwa Septemba ya mwaka wa nne yakiwa na barua za madaktari waliomwona akifanya kazi. Asipofanya kazi mbele yao Julai au Agosti, barua hizo wataziandika nini?

Wengine wanasema wodi haina haraka. Mafunzo ya udaktari wa familia ni ya miaka 3, na wagonjwa waliolazwa, watoto, wajawazito na dharura vyote vimo humo kwa lazima. Heri atumie miezi yake kwa yale ambayo huko atayapata kwa kudokoa: ngozi, macho, masikio na koo, magoti na mabega, tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito.

Mimi naegemea upande huu wa pili, ila kwa sharti: mwezi mmoja wa wodini utangulie, kabla ya Septemba. Sababu yangu ni kliniki yenyewe. Anayeingia asubuhi analalamikia goti, anayemfuata ana vipele, wa tatu bega halinyanyuki. Daktari asiyejua kulipima goti kwa mikono yake humpeleka kila mtu kwenye picha au kwa bingwa, na mgonjwa hulipia safari ambayo haikuwa na lazima.

Ngozi naiwekea mkazo zaidi. Vitabu vingi vilivyotufundisha vina picha za ngozi nyeupe. Wekundu unaosomwa humo, kwenye ngozi nyeusi huonekana kama zambarau, kahawia au kijivu, na mara nyingine hauonekani kabisa mpaka uguse na kuhisi joto. Mwanafunzi atafute kliniki ya ngozi inayohudumia watu weusi. Mama wa Kisomali au wa Kikongo aliyehamia Marekani hapaswi kurudi mara tatu ndipo ugonjwa wake utambuliwe.

Hata hivyo ushauri huu haumfai kila mtu. Anayetaka kufanya kazi vijijini na kuzalisha, mwezi wa ziada wa leba una maana kwake kuliko wa macho, kwa kuwa programu za mafunzo ya ubingwa zinatofautiana sana kwa idadi ya uzazi anaoushuhudia mwanafunzi wao.

Kuna pia njia ya kwenda mbali. Indiana University na Moi University zimeshirikiana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanafunzi wa Indiana huja Eldoret kufanya kazi wodini pamoja na wenzao Wakenya. Wanachojifunza huko ni kumsikiliza na kumpima mgonjwa kwa makini pale ambapo vipimo vina foleni. Nauli, lakini, si ya kila mtu. Ni hivyo hivyo kwa mwezi wa kujionyesha katika hospitali ya jimbo jingine ambako angependa kupokelewa kwa ubingwa, maana kodi ya chumba cha huko hulipwa huku ya nyumbani ikiendelea. Kwa mwanafunzi mwenye mkopo mkubwa sioni ulazima wake, isipokuwa kama kweli anataka kuishi na kufanya kazi katika mji huo.

Miezi ya mwisho, baada ya majibu ya maombi ya ubingwa kutoka Machi, ningeiacha kwa tiba shufaa. Kumwambia mtu kwamba dawa zimefika mwisho ni kazi ya mikono na macho pia, na hujifunzwa kwa kukaa kitini kando ya anayeijua.