Bastola za .40 zinachakaa mapema: kosa ni la kaliba?

Mwaka 2015 FBI ya Marekani iliamua kurudi kwenye risasi ya 9mm, baada ya kuitumia .40 S&W, iliyo pana kuliko hiyo (inchi 0.40, karibu milimita 10), tangu 1997. Sababu zilizotangazwa zaidi zilikuwa mbili: vichwa vya risasi za 9mm vya kisasa vinapenya vya kutosha, na askari wengi wanalenga vizuri zaidi bastola isiposukuma mkono kwa nguvu. Lakini maelezo ya idara yao ya mafunzo ya 2014 yalikuwa pia na hoja moja fupi ambayo mafundi wa silaha walikuwa wakiisema siku zote, kwamba 9mm inaichakaza bastola kidogo. Kuanzia hapo wapenzi wa silaha wakaigeuza kanuni: ukinunua kaliba kubwa, yaani risasi pana, umenunua bastola ya maisha mafupi.

Kanuni hiyo naikubali nusu. Nusu ya pili inapotosha wanunuzi.

Kwanza tujue .40 ilitoka wapi. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wa FBI walirushiana risasi na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili wakafa, watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya 9mm ilipita kwenye mkono wa Michael Platt, mmoja wa majambazi hao, ikaingia kifuani na kuishia kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupiga. Lawama ikaiangukia risasi. FBI ikahamia 10mm, ikaona ni kali mno kwa maofisa wake wengi, ikaagiza ipunguzwe baruti. Smith & Wesson na Winchester wakajiuliza: kama baruti imepungua, ganda refu la kuibeba la nini? Wakalifupisha, na Januari 1990 wakaitangaza .40 S&W.

Ufupi huo ndio chanzo cha mambo yote. Ganda la 10mm lilidai bastola kubwa, lakini .40 iliweza kutoshea kwenye bastola iliyochorwa kwa ajili ya 9mm. Viwanda havikuhitaji kuanza upya. Kampuni ya Glock ilitoa bastola ya Glock 22 mwaka uleule, ikiwa na fremu (mwili wa chini wa bastola) ya ukubwa uleule wa Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama silaha ya 9mm.

Sasa tazama hesabu. Kiwango cha juu cha shinikizo kinachoruhusiwa Marekani ni kimoja kwa risasi zote mbili: pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo si kweli kwamba .40 ina mlipuko mkali kuliko 9mm. Tofauti iko kwenye uzito. Kichwa cha kawaida cha 9mm kina gramu 8 na kinatoka kwa takriban mita 350 kwa sekunde, cha.40 kina gramu 11.7 na kinatoka kwa takriban mita 300. Zidisha uzito kwa mwendo, utaona .40 inasukuma nyuma kwa nguvu iliyozidi ya 9mm kwa karibu robo. Robo hiyo yote inaingia kwenye slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kulitoa ganda, na slaidi inaipeleka kwenye springi na fremu. Viwanda viliongeza uzito wa slaidi ili kuipunguza kasi, ila fremu ilibaki ile ile. Ni Probox iliyopakiwa mzigo wa Canter: itafika, lakini springi za nyuma zitakueleza.

Na springi ndiyo ya kwanza kulalamika, hata kwenye bastola. Mafundi wana kipimo rahisi kwa Glock. Hakikisha haina risasi, kwenye magazini na kwenye chemba. Inua mtutu juu kidogo, bonyeza kifyatulio na ukishikilie, vuta slaidi nyuma hadi mwisho, kisha irudishe polepole kwa mkono. Ikikwama kabla ya kufunga kabisa, springi imekwisha. Bastola za .40 hufika hapo mapema kuliko ndugu zao wa 9mm, na springi iliyochoka ikiachwa, slaidi inaanza kuigonga fremu bila kizuizi. Hapo ndipo uchakavu wa senti chache unapogeuka uharibifu wa kudumu.

Upande huu una ushahidi mzito kuliko maneno ya mafundi, yaani michoro ya viwanda vyenyewe. Glock iliongeza pini moja zaidi kwenye fremu za .40, ambayo 9mm za wakati ule hazikuwa nayo, na mwaka 2010, ilipotoa kizazi cha nne, ikaacha springi moja na kuweka springi mbili, moja ndani ya nyingine. Kampuni ya SIG iliitengenezea bastola yake ya P229 slaidi ya chuma kisichoshika kutu kilichochongwa, kwa sababu ile ya bati la chuma lililokunjwa ya P228, ndugu yake wa 9mm, haikufaa kwa .40. Browning Hi-Power, bastola ya tangu 1935, ilibidi ipewe fremu mpya ya kusubu, ngumu kuliko ile ya kufua, ndipo ikaweza kuibeba. Kiwanda hakibadilishi mitambo kwa ajili ya uvumi.

Basi kaliba ina hatia? Subiri. Chukua .45 ACP, kubwa kuliko .40. Kichwa chake kina gramu 14.9 na kinatoka kwa takriban mita 253 kwa sekunde, kwa hiyo kinasukuma nyuma kuliko .40. Kanuni ingekuwa ya kweli, bastola zake zingekuwa za kwanza kutupwa. Lakini Jeshi la Marekani lilinunua M1911, bastola yake ya .45, za mwisho mwaka 1945, na silaha hizo hizo zilipita mkono hadi mkono kwa askari wa Korea na Vietnam mpaka bastola ya Beretta ilipochaguliwa mwaka 1985. Mitutu na springi zilibadilishwa, ndiyo, lakini fremu zilidumu. Shinikizo la .45 ni pauni 21,000 tu, na John Browning aliichora bastola ya chuma kitupu kwa ajili ya risasi hiyo tangu mwanzo.

Halafu hiyo Beretta iliyokuja kuirithi, ya 9mm, yenye kaliba ambayo leo inasifiwa kwa upole, ikaanza kuvunjika slaidi mwaka 1987 na 1988. Vipande viliwarudia wapigaji usoni, wakiwemo makomandoo wa jeshi la majini. Wengine walilaumu chuma, wengine risasi zenye shinikizo la kupita kiasi. Beretta iliongeza ukubwa wa pini ya nyundo ili slaidi ikivunjika isiruke nyuma.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka. Risasi za .38 Special na .357 Magnum zina kichwa cha kipenyo kimoja, na bastola ya .357 hupiga zote mbili. Shinikizo la kwanza ni pauni 17,000, la pili 35,000. Smith & Wesson Model 19, iliyotoka 1955, ilikuwa bastola nyepesi ya kubebwa kutwa nzima, na polisi wengi walifanyia mazoezi kwa .38. Walipoanza kupiga .357 za vichwa vyepesi vya gramu 8 kwa wingi, mdomo wa nyuma wa mtutu ukaanza kupasuka upande wa chini, pale ulipokatwa kidogo kuipa silinda nafasi. Kampuni ikajibu kwa fremu kubwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kaliba haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni aina ya risasi na kiasi chake.

Ndiyo maana naona swali la kaliba limeulizwa vibaya. La kuuliza ni hili: bastola hii ilichorwa kwa ajili ya risasi gani? Heckler & Koch waliichora USP ya 1993 wakianza na .40, toleo la 9mm likafuata. Aliyenunua la 9mm amepata mwili uliokusudiwa kubeba zaidi.

FBI hawakukosea. Shirika lenye maelfu ya bastola zinazopigwa mwaka mzima linahesabu kila springi. Mtu binafsi anayepiga boksi mbili za risasi hamsini kwa mwezi atamaliza miaka kumi akiwa na risasi 12,000, na atakuwa ameshalipa bei ya bastola mara kadhaa kwa risasi peke yake. Akiwa anaishi pwani, kutu itamsumbua kabla ya fremu.

Polisi wengi walipoifuata FBI, soko la mitumba la Marekani likajaa Glock 22 za bei ya chini, nyingi zikiwa zimechubuka nje kwa ala na kupigwa kidogo tu. Unaweza kuitia mtutu wa 9mm uliotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na magazini ya 9mm, ikawa na slaidi nzito kuliko inavyohitaji. Kinyume chake hakiwezekani: kitako cha ganda la .40 kina upana wa karibu milimita 10.8, na uso wa slaidi ya 9mm umechongwa kwa kitako cha milimita 10.