Kizimba Kwanza, Injini Baadaye

Gari letu lilikaa juu ya stendi nyuma ya nyumba ya mama, hapa Nakuru, miezi kumi na minne kabla halijaonja vumbi la mashindano. Majirani walikuwa wakichungulia juu ya ua na kuuliza swali lile lile: "Mmeweka injini gani?" Nikiwajibu kwamba injini ni ile ile ya kiwandani, niliona hamu ikiwatoka usoni. Wengine hawakurudi tena.

Nimeamua kuandika kwa sababu tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, baada ya miaka 19 ya kukosekana, vijana wengi wa Bonde la Ufa wameanza kuchanga pesa ili wajenge magari yao wenyewe ya autocross, yale mashindano ya kukimbizana na saa kwenye uwanja wa vumbi. Ni jambo linalonifurahisha kuliko mengi. Lakini karibu kila kundi nililolitembelea limeanzia pale pale tulipotaka kuanzia sisi, yaani kwenye injini, na naona ni kosa linaloweza kumzika mtu.

Sisi ni watano. Tulikuwa na chama kabla ya kuwa na gari. Kila mmoja alitoa shilingi 4,000 kwa mwezi, na mwenzetu mhasibu aliandika kila senti katika daftari la jalada jeusi. Pesa za kwanza zilinunua Toyota Starlet ya EP82, rangi imechakaa, viti vimechanika, lakini bodi nzima na sakafu haina kutu. Ukinunua gari la kujengea, piga magoti utazame sakafu. Rangi itapakwa, na injini kama ile zimejaa madukani. Bodi iliyooza haina dawa.

Kwenye mkutano wa tatu mmoja wetu alirudi kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, na picha za injini ya turbo, yaani yenye feni inayoisukumia hewa zaidi, ndugu ya ile yetu ya cc 1,331. Ikiwa mpya ilitoa nguvu za farasi 135. Yetu ilikuwa na kama 100 siku ilipozaliwa, na hizo ni za usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 juu. Hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa, na injini isiyo na turbo hupungukiwa na nguvu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo hoja yake ilikuwa na uzito. Turbo ndiyo dawa ya hewa nyembamba, sikatai. Tukapiga kura, watatu kwa wawili, turbo ikashinda. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale watatu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hajui magari, lakini alikuwa amesikiliza. Akauliza, "Wanangu, hiki kitu kikibiruka, aliye ndani anatokaje?"

Hakuna aliyemjibu. Tulikunywa chai, na kabla vikombe havijaisha mhasibu akasema kura irudiwe. Pesa zote za miezi mitano iliyofuata zikaenda kwenye kizimba.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa. Kizimba ni yale mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva ili paa lisimshukie gari likipinduka. Fundi wa kwanza tuliyemwendea alitutengenezea kizuri sana kwa macho, kimepakwa rangi nyekundu, na bei yake ilikuwa ya kirafiki. Mwenzetu anayechomelea vyuma kila siku kwa riziki yake hakukipenda. Alikata kipande, akakibana kwenye jiliwa, akaanza kukipondaponda kwa nyundo. Kikapasuka kwa urefu wake wote, kwenye mshono, kama ganda la njugu. Lilikuwa bomba la maji. Bomba la maji limekunjwa kutoka kwenye bati na kuunganishwa kwa mshono, na kazi yake ni kubeba maji. Tena lile lililopakwa zinki hutoa moshi wa sumu likichomelewa. Anayeuvuta hulala na homa.

Tulikikata chote. Ilikuwa hasara kubwa, na nilimwona mhasibu akiandika ule mstari bila kuinua macho.

Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kuhusu vizimba zinasomeka vizuri, na hakuna sababu ya kubahatisha. Tao kuu, lile la nyuma ya kichwa cha dereva, linatakiwa liwe bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine yanaweza kuwa ya 38 kwa 2.5. Hukunjwa kwa mashine yakiwa baridi, si kwa moto. Na kila mguu husimama juu ya bamba la chuma la unene wa milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120 au zaidi, lililochomelewa kwenye bodi. Hilo bamba ndilo wengi hulipuuza. Sakafu ya Starlet ni bati jembamba. Mguu wa kizimba ukisimama juu yake peke yake, siku gari linapopinduka bomba litaitoboa sakafu kama sindano kwenye kitambaa, na paa litakuja chini na kizimba chako ndani yake.

Uzito je? Nilijua mtu atauliza. Jirani yetu anauza viazi na ana mizani ya kupimia magunia. Tulimwomba, tukapima kila kitu tulichokitoa ndani ya gari: viti vya nyuma, kiti cha abiria, mazulia, ile lami ya kuzuia kelele tuliyoibandua kwa patasi, gurudumu la akiba, heta, mapambo ya milango. Kilo 88. Kizimba kipya kilirudisha 41. Bado gari lilikuwa jepesi kwa kilo 47 kuliko lilivyotoka kiwandani, na wepesi huo ulitusaidia kwenye kona, kwenye breki na wakati wa kuondoka, na haukutugharimu kitu zaidi ya ngozi ya vidole.

Wepesi ni elimu ya zamani. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alijenga gari lake la kwanza mwaka 1948 kutoka kwenye Austin 7 kuukuu, katika gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Na hapa kwetu, Joginder Singh, mwana wa Kericho aliyeanza kama fundi wa gereji, alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo ya mkono wa pili, yeye na ndugu yake Jaswant. Anayekwambia mashindano ni ya wenye magari mapya hajui historia ya nchi hii.

Kuhusu breki nitasema kwa kifupi. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa lina nishati mara nne ya lile linalokwenda 60, na nishati hiyo yote hugeuka joto kwenye diski. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, ila yakishanyonya maji huanza kuchemka karibu na 155, na hapo pedeli inazama hadi sakafuni huku kona inakuja. Kopo jipya la mafuta kabla ya kila shindano ni bei ya chakula cha mchana. Mwaga ya zamani.

Mkanda usiununue wa mitumba. Mikanda ya mbio ina tarehe ya mwisho iliyoshonwa juu yake, na uliowahi kumshika mtu kwenye ajali umekwisha nyuzi zake hata kama unang'aa. Kisha kuna kola ya HANS, ile inayokaa mabegani na kushikana na helmeti ili kichwa kisitupwe mbele wakati mwili umefungwa. Naipenda historia ya kola hii. Mwaka 1981 dereva Mfaransa, Patrick Jacquemart, alifariki akiwa mazoezini katika uwanja wa Mid-Ohio, Marekani. Rafiki yake, dereva Jim Downing, alimwendea shemeji yake, Robert Hubbard, profesa aliyejua mifupa na ajali, akamuuliza kama kuna namna. Mtu na shemeji yake wakaanza kutafuta. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini hadi Formula 1 ikailazimisha, mwaka 2003. Chanzo chake ni kama chetu cha nyuma ya nyumba: mtu aliyempenda mwenziwe akakataa kukubali kwamba mambo ndivyo yalivyo.

Ndiyo maana sina subira na hoja kwamba vifaa hivi ni vya matajiri. Kola yetu ni moja, watano tunaitumia kwa zamu. Helmeti ni mbili. Tulichelewa msimu mzima kwa ajili ya vifaa hivi, na mwenzetu wa turbo alikasirika hadi akaacha kuja kwa wiki sita. Alirudi mwenyewe, akachukua spana, akaendelea na kazi ya waya. Hatukuliongelea. Kujenga gari na marafiki kuna siku za namna hiyo, na ni heri ugomvi wa wiki sita kuliko kwenda kwa mama yake na habari nyingine.

Nawaona pia wale wanaoweka turbo kwenye gari lisilo na kizimba, kisha wanakimbizana usiku kwenye barabara kuu katikati ya malori. Wengi wana kipaji. Ninawaomba walete hicho kipaji uwanjani, penye ukaguzi, penye ambulensi, penye njia isiyo na gari la mtu mwingine linalokuja mbele.

Shindano letu la kwanza tulimaliza mizunguko yote, katikati ya orodha, na injini ile ile.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni Jumamosi iliyotangulia. Mama alitaka jibu la swali lake. Tulimfunga dereva kwenye kiti, mkanda wa ncha sita, helmeti, kola, kitambaa machoni, milango imefungwa. Mama akashika saa ya simu. Mara ya kwanza alitoka kwa sekunde 23, amenaswa na kamba ya mkanda begani. Tukahamisha swichi ya kukata umeme mahali mkono unapoifikia, tukakata kipande cha kizimba cha mlangoni na kukichomelea chini zaidi. Jioni alitoka kwa sekunde 9. Tukapiga makofi.

Mama hakupiga. Alirudisha saa kwenye sifuri, akamtazama yule aliyefuata kwa zamu.

"Sasa wewe, mwanangu," akasema. "Ingia."