Herufi C na deni letu kwa Gary Kildall

Ukifungua kompyuta yenye Windows utakuta diski yake kuu inaitwa C, na vijana wengi hawajui A na B zilikwenda wapi. Hizo zilikuwa za flopi mbili, diski nyembamba za kuchomeka na kuchomoa, na desturi ya kuziita diski kwa herufi ilienezwa kwenye kompyuta ndogo na CP/M, mfumo endeshi ambao Gary Kildall aliuonyesha ukifanya kazi mwaka 1974, alipokuwa mwalimu katika chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Monterey, California.

Hata hivyo, likitajwa jina lake, watu hukimbilia kisa cha ndege. Mwaka 1980 wajumbe wa IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, walimfuata Pacific Grove, jirani na Monterey, wakitafuta mfumo wa kompyuta yao mpya, naye akawa angani. Basi, eti, Bill Gates wa Microsoft akaokota dodo chini ya mwarobaini. Kisa hicho kinanikera. Kildall alikuwa ameruka kwenda kwa mteja, na mazungumzo ya awali alimwachia mkewe, Dorothy McEwen, ambaye ndiye aliyezoea kushughulikia mikataba ya kampuni yao, Digital Research. Tena IBM ilikuja kuiuza CP/M baadaye, ila kwa dola 240, wakati mfumo uliotoka kwa Microsoft uliuzwa dola 40. Kwa bei hizo, mnunuzi hakuwa na sababu ya kuwaza mara mbili.

Ninachoona kinastahili kusimuliwa ni BIOS. Zamani hizo kila mtengenezaji alikuwa na diski na kibodi za namna yake, na kuhamisha mfumo kutoka mashine moja hadi nyingine kulikuwa karibu sawa na kuuandika upya. Kildall alizitenga amri zote zinazogusa vifaa, akaziweka katika sehemu moja ndogo, ndiyo BIOS, hivyo mwenye mashine mpya aliandika kipande hicho tu na CP/M iliyobaki ikaenda kama ilivyo. Ndiyo maana programu kama WordStar, ya kuandikia nyaraka, iliweza kutumika kwenye kompyuta za kampuni nyingi bila mwandishi wake kuzijua zote. Hata mfumo ambao Microsoft iliununua kutoka kampuni ya Seattle Computer Products ulifuata miito ya CP/M, yaani namna programu zinavyouomba mfumo huduma, na hilo, kwangu, ni ushahidi tosha wa nani alikuwa mwalimu.

Digital Research iliuzwa kwa Novell, kampuni nyingine ya programu, mwaka 1991, na Kildall akafariki 1994, akiwa na miaka 52. Mwaka 2014 chama cha wahandisi, IEEE, kiliweka kibao cha kumbukumbu Pacific Grove. Kinataja CP/M na BIOS, ndege haimo.